Swali Aliloulizwa Mgeni Malindi

Maneno haya niliyasema Malindi, Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa kanisa, mbele ya walimu vijana wanaotumwa kufundisha nchi za nje, wazazi wao na wazee wa kanisa. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka.

Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Mchungaji, ahsante kwa kunipa nafasi. Na nyinyi wanangu mnaosafiri, hamjambo? Nawaona mmevaa vizuri, na mama zenu wamekaa nyuma yenu kama watu wanaosindikiza harusi. Nimeombwa niwatie moyo. Nitajaribu, lakini nitaanza na swali, na swali lenyewe si langu. Liliulizwa hapahapa Malindi mwaka 1542.

Kile kikanisa kidogo cha Mreno, njia ya kwendea mnara wa Vasco da Gama, nyote mnakijua. Kuta za mawe ya matumbawe, paa la makuti, makaburi yamekizunguka, na bahari inasikika ukiwa ndani. Mimi nimekipita miaka na miaka nikienda ufuoni wala sikuwahi kuuliza ni cha nani. Basi mwaka huo wa 1542 chombo cha Wareno kilichokuwa kikienda Goa kilitia nanga katika mji huu. Ndani yake alikuwamo padri mmoja, Francis Xavier, hajafika miaka 40, wa shirika la Wajesuiti ambalo Papa alikuwa amelikubali miaka miwili tu nyuma. Alikuwa njiani kwenda kufundisha. Mtu mmoja wa chomboni alifariki, wakamzika hapa, na husemwa kwamba alizikwa mahali pale pa kikanisa. Wenyeji waliotazama mazishi walipendezwa na jinsi yalivyofanywa.

Lakini siyo mazishi yaliyonileta mbele yenu. Xavier mwenyewe, akiwa ameshafika Goa, aliwaandikia wenzake wa Roma barua mwezi wa Septemba mwaka huohuo. Anasimulia kwamba alipokuwa Malindi, Mwislamu mmoja wa heshima mjini alimuuliza: makanisa yenu huko kwenu yanajaa watu? Mnaomba kwa bidii? Maana sisi hapa, yule mzee akamwambia, ibada imepoa. Mji huu una misikiti 17, na inayoswaliwa ni mitatu, nayo kwa watu wachache. Alitaka kujua kama maradhi haya ni yao peke yao au hata Wakristo wanayo.

Litazameni hili jambo vizuri. Mgeni amekuja na dini yake kifuani, anakwenda kufundisha mataifa. Na kabla hajafika anakokwenda, mwenyeji anamuuliza: wewe na watu wako, mnaomba? Hakumuuliza mnaamini nini. Hakumuuliza kitabu chenu kinasemaje. Alimuuliza habari ya sala.

Xavier alimjibu kama watu wa zama zake walivyokuwa wakijibu. Alimwambia kwamba Mungu hapendezwi na sala za wasioamini, na ndiyo sababu ibada yao inafifia. Na anakiri katika barua ileile kwamba mzee hakukubaliana naye. Mimi namheshimu sana Xavier, na baadaye mtaona kwa nini, ila katika mazungumzo haya nasimama upande wa mzee wa Malindi. Mtu mzima wa Pwani hafunui kidonda cha nyumba yake mbele ya mgeni hivihivi. Yule alifunua. Alistahili naye aonyeshwe kidonda cha nyumba ya pili, na kilikuwepo: Ulaya ya wakati ule Kanisa lilikuwa limepasuka, na ule mtaguso wa Trento, ulioitishwa kurekebisha mambo, haukuanza mpaka mwaka 1545. Swali lilitaka jibu la moyoni, nalo likapewa jibu la darasani.

Nasema hivyo kwa sababu na mimi nimekuwa mtu wa majibu ya darasani.

Niliondoka Malindi mwaka 2012. Nilikuwa na miaka 41 na nimeshafundisha shule za msingi za huku kwetu karibu miaka 18. Sudan Kusini ilikuwa imepata uhuru wake Julai 2011, na taifa lile jipya liliamua kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza, ilhali walimu wengi waliokuwepo walikuwa wamesomeshwa kwa Kiarabu. Kwa hiyo walimu kutoka Kenya na Uganda walitafutwa sana. Kikundi kimoja cha Kikristo kikaniita, nikaona ni sauti ya Mungu, na hata leo naamini ilikuwa sauti yake. Nikapanda basi hadi Nairobi, nikaenda Lodwar, nikafika Lokichoggio, nikavuka mpaka Nadapal, nikapita Kapoeta kwenye lori la saruji, nikashuka Torit nikiwa mwekundu kwa vumbi tangu utosini. Kusini ya mji unaiona milima ya Imatong. Sisi wa Malindi hatuna milima, na siku ya kwanza niliitazama mpaka shingo ikauma.

Darasa langu lilikuwa chini ya mwarobaini. Wanafunzi 92. Ubao ulitundikwa kwenye msumari uliopigwa shinani, na chaki moja tuliikata vipande vitatu. Niliamka saa kumi na moja, nikateka maji, nikasaidia kupika uji wa watoto, nikafundisha Kiingereza, hesabu na Biblia. Alasiri nilifundisha walimu wenzangu Kiingereza, jioni kulikuwa na kwaya, usiku nikasahihisha madaftari kwa tochi iliyofungwa kichwani. Jumapili shule ya Jumapili, asubuhi na mchana. Kila mwisho wa mwezi niliandika ripoti: watoto wangapi, Biblia ngapi zimegawiwa, wangapi wamebatizwa. Fomu ilikuwa na kisanduku cha kila kitu. Cha kuuliza kama mwalimu mwenyewe anasali hakikuwemo, na mimi sikukikosa.

Wanangu, hapa nataka mnisikilize. Sikuacha Biblia. Niliifungua kila siku. Lakini niliifungua kutafuta somo la watoto. Nikisoma habari ya mwana mpotevu, akili inakimbilia picha nitakayochora ubaoni. Nikisoma zaburi, napima kama ni fupi ya kutosha darasa la nne kuikariri. Miezi ikapita hivyo. Chakula nilikuwa nakipika, nakipakua, nakigawa, sufuria nasugua, halafu nalala na njaa, wala sijui kuwa ni njaa. Nilidhani ni uchovu.

Mwaka wa pili, katika msimu wa mvua, mlinzi wa shule alinigongea usiku. Alikuwa mzee, mkimya, ameoza meno karibu yote, na alikuwa akiishi kwenye kibanda kando ya geti na mjukuu wake wa miaka minne, kwani wazazi wa mtoto hawakuwepo tena. Mtoto alikuwa na homa kali. Usiku ule hakukuwa na gari, barabara ilikuwa matope, hospitali ilikuwa ya kesho. Nilimpa dawa ya kuteremsha homa, nikamkanda kwa kitambaa chenye maji. Mzee akaniambia, mwalimu, tuombee.

Nikaomba. Niliomba kwa sauti ileile ya chini ya mwarobaini, maneno yametengenezwa, jambo la kwanza, jambo la pili, aya ya Maandiko mahali pake, amina. Nilipofika amina niligundua kwamba sikuwa nimefumba macho. Nilikuwa natazama utambi wa koroboi na kuhesabu saa zilizobaki kabla ya uji.

Yule mzee hakuwa amemaliza. Aliuweka mkono wake kifuani kwa mtoto, vidole vimetanuka, mkono unapanda na kushuka kwa pumzi za mtoto. Akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikasikia mbu, na maji yakidondoka kutoka kwenye nyasi za paa. Midomo yake haikusogea. Mwishowe akasema maneno mawili ya Kiarabu cha Juba ambayo watu wa kule huyasema mara nyingi, sokoni, msibani, njiani: *Rabuna fi*. Yaani Mola wetu yupo. Nilikuwa nimeyasikia mara elfu. Usiku ule ndipo niliposikia mtu akiyasema kama anayemjibu aliyemwita.

Halafu akanigeukia, akaniuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kujua: mwalimu, ukiwa peke yako, unaomba kwa lugha gani?

Sikuwa na jibu. Kwa Kiingereza niliomba shuleni. Kwa Kiarabu cha kubahatisha niliomba kanisani. Kwa Kiswahili niliomba na Wakenya wenzangu tukikutana. Kigiriama, lugha ambayo mama yangu aliombea nayo akiwa jikoni, nilijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho kilitoka kinywani mwangu kwenda kwa Mungu. Sikukumbuka. Ndipo nikaelewa kwamba sikuwa na "peke yangu" yoyote na Mungu. Tulikuwa tunakutana kazini tu.

Mtoto alipona. Alfajiri tulimpakata kwenye bodaboda, akatundikiwa dripu, na baada ya siku tatu alikuwa anakimbiza kuku. Aliyebaki mgonjwa ni mimi.

Katika Wimbo Ulio Bora, mlango wa kwanza, yuko msichana anayelalamika kwamba ndugu zake walimweka kulinda mashamba ya mizabibu, na shamba lake mwenyewe hakulilinda. Nilikuwa nimelisoma neno hilo nikalipita, ni kitabu cha mapenzi, nitakifundishaje watoto? Usiku wa pili baada ya ugonjwa wa yule mtoto nililisoma tena nikafunga kitabu. Sikulia. Ningependa kuwaambia kwamba nililia, hadithi ingependeza, lakini nilikuwa mkavu mno hata kwa machozi.

Kilichonisaidia kwanza hakikutoka kitabuni. Kilitoka Malindi.

Nilipokuwa mdogo tulikaa ukuta kwa ukuta na mama mmoja Mwislamu, tukimwita Bi Mkubwa tu. Alikuwa akipika mahamri ya kuuza. Mama alinituma kwake alfajiri, bado giza, nikachukue ya watoto wa kwetu. Namwona mpaka sasa: ameinama juu ya karai, mafuta yanatokota, mahamri yanajivimbisha, wateja wameshaanza kupanga foleni uani. Adhana ikilia kutoka msikiti wa karibu, Bi Mkubwa anaepua karai. Analiweka chini, anaufunika unga kwa kanga, anasema "nisubirini wanangu", anachukua birika la maji. Hakuna aliyenung'unika. Mafuta yanapoa. Biashara inasimama. Mimi nimesimama na sahani yangu mkononi, mtoto wa Kikristo, nasikia maji yakimwagika taratibu nyuma ya pazia, kisha kimya.

Sisemi kwamba dini zote ni moja. Mimi namkiri Kristo, na wanaonijua wanajua. Nasema kwamba mtu aliyenionyesha kwa macho kuwa Mungu ana haki ya kunikatiza nikiwa katikati ya kazi ni Bi Mkubwa. Na kule Torit, kila kazi yangu nilikuwa nimeiandika jina la Mungu juu, kwa hiyo nikaona hana haja ya kunikatiza. Mahamri yalikuwa yake, karai lake, mafuta yake. Kwa nini niepue?

Nikaanza kuepua. Nilianza na robo saa. Baada ya uji, kabla ya kengele, nilitoka nikakaa nyuma ya ghala, juu ya tofali, na Zaburi ya 63. Zaburi moja, mwezi mzima, bila kalamu. Kalamu niliiacha ndani makusudi, maana nikiwa na kalamu mkononi naandika maandalio ya somo. "Nafsi yangu inakuonea kiu." Niliisema kwa Kiswahili, halafu nikajaribu kuisema kwa Kigiriama, kwa maneno yangu, nikigugumia kama mtoto. Siku nyingi sikusikia chochote. Siku nyingine nilisinzia. Kuna wiki nzima niliyokaa pale nikifikiria bei ya mafuta ya taa. Wapendwa, msije mkadhani kuwa ukiepua karai mbingu zinafunguka papo hapo. Mimi ilinichukua miezi saba au minane kabla sijatambua kwamba naitamani ile robo saa kuliko usingizi.

Sasa nimrudie Xavier, kwa sababu ya haki. Alipofika kwa wavuvi wa kusini mwa India, mwaka uleule wa 1542, aliandika kwamba watoto hawakumpa nafasi ya kusoma sala zake za kipadri, wala kula, wala kulala, mpaka awafundishe sala fulani. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka kwa furaha, kwa maana nawajua watoto hao! Ni walewale. Wanakujia dirishani na daftari wakati umefumba macho. Na Xavier hakuwafukuza; aliandika kwamba hapo ndipo alipoanza kuelewa kwa nini ufalme wa mbinguni ni wa watoto kama hao. Huyo ndiye Xavier ninayempenda. Aliyemjibu mzee wa Malindi alikuwa bado hajafundishwa na wanafunzi wake.

Kwa hiyo msinielewe vibaya juu ya robo saa yangu. Kuna mwalimu atakayesikia haya akajifungia na Mungu, watoto wakikaa bila mtu. Huyo naye amepotea njia, ila upande wa pili wa barabara. Kulikuwa na Mmarekani mmoja, Frank Laubach, mwalimu na mmisionari, ambaye maisha yake yalinifumbua macho katika jambo hili. Mwaka 1930 alikuwa kando ya Ziwa Lanao, kisiwa cha Mindanao, Ufilipino, miongoni mwa Wamaranao, ambao ni Waislamu. Ana miaka 45, msomi mwenye shahada za juu, mke na mtoto wanaishi mji mwingine mbali, na watu aliowaendea hawamtaki. Jioni alipanda kilima nyuma ya nyumba yake, yeye na mbwa wake, akaomba huko juu. Na huko juu akatambua kilichowafukuza watu: moyoni mwake alijiona bora kuliko wao. Aliposhuka aliwaendea walimu wao wa dini akawaomba wamfundishe Kurani. Wakaja na vitabu vyao, nyumba ikajaa.

Katika miezi hiyohiyo alianza zoezi lake kubwa, la kujaribu kumkumbuka Mungu kila dakika ya siku, akifundisha, akitembea, akizungumza na watu. Alikiri bila kificho kwamba siku nyingi zilimshinda. Na palepale, mikononi mwa mtu huyohuyo, ikazaliwa kazi ya kuwafundisha Wamaranao kusoma lugha yao wenyewe. Fedha za walimu zilipokwisha, ikawa kila anayejua kusoma amfundishe mwenzake. Njia hiyo ilienea nchi nyingi za dunia. Ninyi walimu mnajua kazi inayotoka kwenye mshahara na kazi inayotoka kwenye moyo uliolainika. Hii ilikuwa ya pili.

Kila dakika mimi sikuweza. Mwenye watoto 92 chini ya mti mmoja, huku mmoja ameng'atwa na siafu na mwingine ameficha mjusi mfukoni, atanisamehe. Lakini nilijiuliza: ni wapi katika siku yangu ambapo nasimama, nanyamaza, na kumtazama kila mtoto usoni? Ni kwenye rejista. Kila mwalimu hapa anajua tunavyoita rejista: haraka, kichwa kimeinama, vyema-vyema-kosa-vyema. Nikaamua kila jina nitakaloita nitamtazama mwenyewe, na kabla hajamaliza kusema "present", nitalisema jina lilelile kimoyomoyo mbele za Mungu. Jina tu. Bila ombi, bila maelezo. Mungu anajua aliyelala bila kula.

Rejista iliyokuwa ikichukua dakika tano ikachukua 12. Mwalimu mkuu alinilalamikia, na alikuwa na haki yake. Lakini nawaapia, darasa lilibadilika kabla yangu. Yule msichana aliyekaa karibu na shina, aliyekuwa hasemi, alianza kunisubiri. Nikifika kwenye jina lake anakuwa ameshasimama, kidevu juu, macho kwangu. Sikuwa nimemfundisha hivyo. Na mimi nikaanza kuwaona. Nikaona kwamba kijana mmoja huja na shati la nduguye zamu kwa zamu, leo huyu kesho yule. Nilikuwa nimemwandikia utoro mwaka mzima na kumchapa kwa ajili yake. Ndiyo, nilimchapa. Nilimwita baada ya vipindi nikamwomba radhi, mimi mtu mzima, kwa Kiarabu kilichovunjika. Alinitazama kwa mshangao, akasema *maalesh*, si kitu, akakimbilia mpira.

Mwaka 2013, mwezi wa Desemba, vita vilianza Juba. Kwetu Torit palitulia kiasi. Lakini Julai 2016 mapigano yalipolipuka tena Juba, safari hii moto ulikuja upande wetu. Watu waliondoka usiku, kwa miguu, na magodoro kichwani, kuelekea Uganda. Mwaka mmoja baadaye wakimbizi wa Sudan Kusini walioko Uganda walikuwa wamefika milioni 1. Mnapoisikia hesabu kama hiyo redioni mnazima mkaendelea na chai. Mimi hesabu hiyo niliiona ikitoka darasani kwangu. Jumatatu walikuwa 70 na kitu. Jumatatu iliyofuata, 31. Ile nyingine, 14.

Asubuhi ile ya watoto 14 nilifungua rejista nikasita. Nifanyeje? Niite waliopo tu? Nikaanza kuita kama kawaida, majina yote. Jina, kimya. Jina, kimya. Jina, "present". Wale 14 walinitazama, kisha wakaelewa. Nilipofika jina la saba au la nane lisilo na mtu, mtoto mmoja akasema kwa sauti ndogo, *Rabuna fi*. Jina lililofuata likajibiwa na wawili. Mwishowe wote 14, kila jina lisilo na mtu, wakaitikia hivyo. Jina la msichana wa karibu na shina lilikuwa la 56. Wakaitikia.

Mimi niliyekwenda kuwafundisha kuomba.

Nyinyi wazee wa kanisa mnaowatuma vijana hawa, nina ombi moja fupi kwenu. Wakiwaandikieni, msiwaulize kwanza wangapi wamebatizwa. Waulizeni kama yule mzee alivyouliza hapa mjini kwetu: mnaomba kwa bidii? Na mkiwauliza, mwelezeni hali ya kwenu pia. Kama makanisa yetu 17 yanahudhuriwa matatu, msifiche. Mmisionari anayedhani nyumbani kuna moto wakati kuna majivu, atakuwa mpweke mara mbili. Na mtengeeni mapumziko ya kweli, yasiwe ya kuzungushwa kanisa hadi kanisa akihutubia. Mimi nilirudi likizo moja nikahubiri mara 19 kwa wiki tano. Nilirudi kazini nimechoka kuliko nilivyokuja, na hakuna aliyekusudia ubaya.

Nanyi wazazi, ombeni na hawa watoto kabla hawajapanda basi, na muombe kwa lugha ya nyumbani. Kigiriama, Kiswahili, Kipokomo, yoyote mliyowalelea. Lugha hiyo ndiyo atakayobaki nayo siku Kiingereza kitakapomkaukia kinywani.

Wanangu, mtakuwa walimu wazuri, sina shaka. Mtapendwa. Watoto watawashika mikono njiani, na wageni watawapiga picha. Ninachokiogopa ni kwamba kupendwa huko kutafanana sana na kuwa karibu na Mungu, mpaka mtashindwa kutofautisha. Mimi nilishindwa, mwaka na nusu. Kama mtaona mnafungua Biblia na mkono wa kulia umeshashika kalamu, iwekeni kalamu chini.

Nilirudi Malindi mwaka 2018, na sasa nafundisha shule ya Jumapili. Asubuhi ya leo, kabla ya kuja hapa, niliteremka mpaka kile kikanisa. Kusi imeshaanza kuvuma, bahari chafu, hapakuwa na mtu ila mvuvi aliyekuwa anashona jarife. Nilisimama kwenye makaburi nikamfikiria yule mzee, ambaye jina lake Xavier hakutuachia, nikawaza alivyorudi nyumbani kwake siku ile na swali lake bado mkononi. Kutoka upande wa mji nilisikia adhana. Nilisali hapo, kwa Kigiriama.

Nimekuja na rejista. Ni hii, yenye jalada la buluu, pembe zimeliwa na mchwa. Ni ile ya 2016. Habari za baadhi yao nimezipata, wako kambini Uganda, mmoja sasa anasomea ualimu. Wengine sijasikia kitu. Kwa ruhusa ya mchungaji sitaongeza maneno. Nitayaita majina, yote 92, polepole, na mnajua la kuitikia. Naomba tusimame.